NANI HUBADILI SHERIA ZA JUMBA?



Mwezi uliopita kijana mmoja, mtoto wa mwanachama wetu wa shamba la chai, alifika katika ofisi ya tawi akiwa na bunda la karatasi mkononi. Alitaka tumsaidie kuzisoma, kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza kizito cha mawakili. Ilikuwa ni fomu ya kuomba kuingia katika kipindi kimoja cha televisheni, vile vipindi ambavyo watu hufungiwa ndani ya jumba, wakapigwa picha usiku na mchana, na yule atakayebaki mwisho akapewa fedha. Tulikaa naye karibu saa mbili. Katika ukurasa wa sita tulikuta kifungu kinachosema kwamba mtayarishaji anaweza kubadili kanuni za mchezo wakati wowote, kwa sababu yoyote, bila kumpa mshiriki taarifa. Tulipomwonyesha, kijana alicheka. "Hicho si kitu, wazee wangu. Mchezo tu huo."

Sisi hatukuweza kucheka. Katika miaka yetu ya kukaa mezani na waajiri tumejifunza kwamba kifungu cha namna hiyo ndicho cha kutazamwa kwanza, kabla hata ya mshahara. Mwajiri mwenye kifungu hicho mfukoni anaweza kukuahidi mshahara wowote autakao.

Kwa sababu hiyo tumeona vyema kulizungumza jambo hili hapa. Tunajua wako ndugu watakaouliza kwa nini karatasi ya chama ipotezwe kwa mambo ya televisheni wakati bei ya sukari inapanda. Jibu letu ni kwamba vipindi hivi tunavitazama sote. Jioni ya siku ya mshahara nenda pale penye televisheni kubwa, uone wachumaji, madereva na akina mama wa kiwandani wamekaa pamoja wakibishana nani atoke na nani abaki. Na watoto wetu wanataka kuingia humo. Basi na tujue humo ndani kuna nini.

Tuchukue mfano wa kipindi kiitwacho Big Brother, ambacho Afrika nzima inakijua, na ambacho kimeishi miaka zaidi ya 25, kiasi cha kutosha kuona jinsi sheria zake zilivyogeuzwa. Jina lake lilitoka katika kitabu cha Mwingereza George Orwell, kilichochapishwa mwaka 1949, juu ya mtawala anayemwona kila mtu. Waliolichagua jina hilo angalau hawakuficha nia yao.

Kipindi kilianza Uholanzi tarehe 16 Septemba 1999. Mwenye wazo lake alikuwa John de Mol wa kampuni ya Endemol. Watu wa kawaida waliingizwa katika jumba lililojengwa Almere, bila televisheni, bila redio, bila gazeti. Walikuwa na bustani ya mboga na kuku, na mkate walijiokea wenyewe. Fedha za chakula zilikuwa chache. Kila wiki walipewa kazi ya kufanya pamoja, na posho ya wote ilitegemea kazi hiyo: wakifaulu wamefaulu wote, wakishindwa wanafunga mikanda wote. Kila baada ya muda wakazi walitaja majina ya wale ambao wangependa watoke, lakini neno la mwisho lilikuwa la watazamaji waliopiga simu. Baada ya siku 106 alishinda Bart Spring in 't Veld, akapewa guilder 250,000.

Hatusemi kwamba mwanzo ule ulikuwa wa haki. Tajiri alikuwapo tangu siku ya kwanza, kamera zilikuwa zake, na simu zile za kura hazikuwa za bure. Lakini ndani ya jumba palikuwa na kitu ambacho mfanyakazi yeyote wa kambi anakijua, nacho ni kula chungu kimoja. Aliyezembea aliwanyima wenzake chakula, na walimwambia usoni.

Mwaka 2000 kipindi kilifika Uingereza. Huko sheria ilikataza kabisa wakazi kuzungumza wao kwa wao juu ya nani watamtaja. Mmoja wao, Nick Bateman, alikuwa akipita chini chini kuwashawishi wenziwe, hata akawa na vikaratasi vyenye majina. Wenzake walipogundua walimketisha mezani, wakamhoji mbele ya wote. Aliyeongoza mahojiano hayo alikuwa Craig Phillips, fundi wa ujenzi. Watayarishaji wakamtoa Nick kwa kosa la kuvunja sheria, na magazeti ya Uingereza yaliandika habari hiyo kana kwamba waziri amekamatwa na hongo. Yule fundi ndiye aliyeshinda mwishowe, paundi 70,000, na akazitoa zote kwa ajili ya matibabu ya rafiki yake aliyehitaji kubadilishiwa moyo na mapafu. Tunawaomba mkikumbuke kisa hiki cha vikaratasi, kwani tutakirudia.

Mwaka huo huo kipindi kilianza Marekani, kwa zawadi ya dola 500,000. Huko nako mwanzoni watazamaji ndio waliotoa watu. Sasa sikilizeni kilichotokea mwezi Septemba 2000. Watayarishaji waliona mambo yamepoa, wakataka kuingiza mtu mpya. Wakawaambia waliobaki ndani: atakayekubali kutoka leo kwa hiari yake atapewa fedha, na wakapandisha hadi dola 50,000. Hakuna aliyezichukua. Mwezi huo huo mmoja wao, George Boswell, mtu wa kazi ya kuezeka mapaa, akatoa shauri kwamba wote watoke mlangoni kwa pamoja, moja kwa moja mbele ya watazamaji, waliache jumba tupu. Wenzake wakakubali. Kwa muda palikuwa na mgomo kamili ndani ya jumba la televisheni, ingawa hakuna aliyeuita kwa jina hilo. Baadaye waliyafikiri upya wakabadili nia, na kipindi kikaendelea mpaka mwisho.

Tuseme kweli, sisi tuliposikia habari hiyo tulisikitika kwamba walibadili nia. Lakini tunawaelewa. Hawakuwa na chama, hawakuwa na mtu wa nje wa kushauriana naye, na zawadi ilikuwa ya mtu mmoja. Mgomo wa watu ambao mmoja wao tu ndiye atakayelipwa ni mgumu kuushikilia.

Mwaka 2001 kipindi cha Marekani kilirudi na watayarishaji wapya na sheria mpya. Kura iliondolewa mikononi mwa watazamaji ikapelekwa ndani. Kila wiki wakazi walishindana, na aliyeshinda akawa mkuu wa nyumba kwa wiki hiyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwataja wenzake wawili, kisha wengine wakapiga kura ni yupi kati ya hao wawili afukuzwe. Mwishoni wale waliofukuzwa ndio waliochagua mshindi. Mwaka wa pili yake, 2002, ikaongezwa nguvu nyingine ya mtu mmoja kuifuta hukumu ya mkuu.

Hatudai kwamba mabadiliko hayo yaliletwa kwa sababu ya George na wenzake. Kilichosemwa wakati ule ni kwamba kipindi kilionekana baridi na hakikuvuta watu kama ilivyotarajiwa. Huenda ndivyo. Lakini tazameni ni kitu gani kilichoonekana baridi: watu waliokataa fedha ili wasimwache mwenzao, watu waliopatana. Na tazameni dawa yake. Chukueni shamba lenye vibarua kumi. Kila Jumatatu mmoja anafanywa mnyapara, na sharti la unyapara ni kuandika majina mawili ya kufukuzwa. Jumatatu inayofuata mnyapara ni mwingine. Je, kufika mwezi wa pili, shamba hilo litakuwa na watu watatu wanaoaminiana? Jambo lile ambalo Nick Bateman alitolewa kwalo Uingereza, kunong'ona na kupanga kura, Marekani likawa ndio mchezo wenyewe. Mshindi wa mwaka 2001, daktari Will Kirby, alijulikana hasa kwa kuwadanganya wenzake bila kificho. Hatumlaumu yeye. Alicheza kwa sheria alizozikuta.

Wajerumani walikwenda njia nyingine, nayo inatuhusu sisi zaidi. Msimu wao ulioanza Machi 2004 ulidumu siku 365, mwaka mzima, kwa zawadi ya euro milioni moja, na jumba liligawanywa sehemu tatu: ya matajiri, ya watu wa kawaida, na ya wale wa kuhangaika ili waishi. Watu walipandishwa na kushushwa kwa mashindano. Mwaka 2005 wakajenga kijiji kizima, chenye shamba la mifugo, karakana ya magari na mahali pa kushona mavazi. Humo kila mtu alikuwa na cheo: mabwana, wasaidizi wao, na watumishi. Bwana aliamuru na mtumishi alitumika. Kijiji hicho kilikusudiwa kiendelee bila mwisho, lakini kilifungwa Februari 2006, kabla ya kutimiza mwaka.

Mwanachama mmoja wa kiwanda cha sukari tuliyemweleza habari hii aliuliza swali ambalo hatujapata jibu lake: "Hao watumishi waliolisha ng'ombe na kufagia zizi kwa karibu mwaka mzima, walikuwa wakiigiza kazi, au walikuwa wakifanya kazi?" Ng'ombe, bila shaka, hakujua kwamba ni maigizo.

Tuje sasa kwetu Afrika. Big Brother Africa ilianza mwezi Mei 2003 katika jumba moja Johannesburg, ikiwa na watu 12 kutoka nchi 12, wakiwamo wa Kenya, Tanzania na Uganda. Wengi mtakumbuka msisimko wa mwaka ule. Bunge la Malawi lilitaka kipindi kiondolewe katika televisheni ya nchi kwa ajili ya maadili, na magazeti yetu hayakuwa na habari nyingine. Mshindi alikuwa Cherise Makubale wa Zambia, dola 100,000. Mwaka 2007 alishinda Richard Bezuidenhout wa Tanzania, na mwaka 2014, msimu ambao baada yake hapakuwa na mwingine, alishinda Idris Sultan, naye wa Tanzania, dola 300,000.

Katika Big Brother Africa palikuwa na utaratibu mmoja ambao sisi tuliupenda. Kura za watazamaji zilihesabiwa kwa nchi, na kila nchi ilikuwa kura moja. Namibia, nchi yenye watu wachache, ilikuwa sawa na Nigeria. Mwaka 2013 alishinda Dillish Mathews wa Namibia, na hakuna aliyeshangaa. Lakini mambo mengine yalibadilika karibu kila msimu. Mkuu wa jumba akapewa uwezo wa kumwokoa mmoja na kumtia mwingine mahali pake. Mwaka 2010 wakarudishwa wa zamani. Mwaka 2011 wakagawanywa nyumba mbili, na mwaka 2012 nyumba hizo zikaitwa Upville na Downville, yaani mji wa juu na mji wa chini, majina ambayo hayahitaji kuelezwa kwa mtu aliyekaa katika nyumba za kambi akitazama bungalo za mameneja kilimani.

Nchini Nigeria kipindi chao wenyewe, kilichoanza 2006 na kurudi kwa nguvu 2017, bado kinaendelea, na zawadi imepanda mpaka kufikia naira milioni 120 mwaka 2023. Humo kuna mabadiliko mawili ambayo tunataka myaangalie.

La kwanza ni ile kazi ya wiki. Uholanzi mwaka 1999 kazi ya wiki ilikuwa ya kupata chakula chao. Sasa sehemu kubwa ya kazi hizo zimedhaminiwa na kampuni za vinywaji, za tambi, za simu, za kamari. Wakazi huvaa rangi za kampuni, hutunga nyimbo za kusifu bidhaa, hucheza, hupika, hupaka rangi, na timu iliyoshinda hugawana kitita. Kampuni inapata tangazo linaloonekana nchi nyingi. Mcheza tangazo la kawaida hutia sahihi mkataba wa tangazo na hulipwa kwa tangazo. Hawa wanashindania.

La pili ni kura. Katika miaka ya karibuni watazamaji wamepewa kura kwa kadiri ya kifurushi cha televisheni wanacholipia: aliyelipia kifurushi cha bei kubwa anapata kura nyingi, aliyelipia cha bei ndogo anapata chache. Ndugu, hebu tafakarini mkutano wa tawi letu ambao mwendesha winchi ana kura mia na mchumaji ana kura kumi kwa sababu ya tofauti ya mishahara yao. Nani angeuita uchaguzi? Lakini tunakaa mbele ya televisheni tukisema "wananchi wamemchagua". Kutoka kila nchi kura moja hadi kila kifurushi kura zake, ni safari ndefu, na hakuna mtazamaji aliyeulizwa njiani.

Baadhi ya wajumbe wa kamati yetu hawakukubaliana nasi katika kuandika makala hii. Mmoja alisema hawezi kumwita mfanyakazi mwenzake mtu aliyelala kwenye kochi tangu asubuhi. Tunaheshimu maneno yake, maana yeye amechuma chai miaka 22 na mgongo wake unajua kazi ni nini. Lakini tulimjibu hivi: askari wa lindo wa kiwanda naye hukaa kitini usiku kucha, na usiku mwema kwake ni ule ambao hakuna kilichotokea. Analipwa kwa kuwapo pale, kwa saa zake kuwa mikononi mwa mwingine. Yule wa kwenye kochi saa zake ziko mikononi mwa nani? Hawezi kutoka, hawezi kupiga simu nyumbani, na kulala kwake kunauzwa.

Jambo hili si mawazo yetu tu. Limefika mahakamani. Nchini Ufaransa palikuwa na kipindi kiitwacho L'Île de la tentation, ambacho wachumba walitenganishwa kisiwani kwa siku 12 wapimwe uaminifu wao. Baadhi ya walioshiriki walishtaki kampuni iliyotayarisha, wakidai kwamba walikuwa kazini. Kampuni ikajibu kwamba wale hawakuwa na kazi yoyote, walikuwa wakiishi maisha yao tu mbele ya kamera. Tarehe 3 Juni 2009 mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba palikuwa na mkataba wa kazi. Sababu zilizotajwa ni za kusomwa polepole na kila katibu wa tawi: washiriki walilazimika kushiriki shughuli na mikutano waliyopangiwa; baadhi ya matukio yalirudiwa ili yapigwe picha vizuri; saa za kuamka na za kulala zilipangwa na mtayarishaji; hawakuruhusiwa kutoka wala kuwasiliana na watu wa nje; na walifuata sheria zilizowekwa na mtayarishaji peke yake. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliongeza kwamba hao si wasanii, kwa kuwa hawakuigiza nafasi ya mtu mwingine. Wafanyakazi, lakini si waigizaji. Yule ndugu wa kiwanda cha sukari tungependa aisikie hukumu hiyo.

Marekani nako mambo yameanza kutikisika. Mshiriki mmoja wa kipindi cha Love Is Blind alishtaki mwaka 2022 kwamba walipigwa picha mpaka saa 20 kwa siku, siku 7 kwa wiki, kwa dola 1,000 za wiki. Pigeni hesabu: ni dola 7 na senti kidogo kwa saa, katika mji ambao kima cha chini wakati ule kilikuwa mara mbili yake. Kesi ile ilimalizwa mwaka 2024 kwa mapatano ya dola milioni 1.4, yaliyohusu washiriki wengi. Kisha Desemba 2024 ofisi moja ya bodi ya serikali inayosimamia haki za vyama vya wafanyakazi ilifungua shauri dhidi ya watayarishaji hao, ikisema washiriki ni waajiriwa na kwamba mikataba waliyotiliwa iliwanyima haki zao. Ikikubalika kwamba ni waajiriwa, wanaweza kuunda chama. Na wakiwa na chama, kifungu kile cha ukurasa wa sita hakiwezi kupita bila kuletwa mezani.

Tunasema haya si kuwakataza ndugu zetu kutazama. Sisi wenyewe tutatazama, na msimu ujao tutabishana kama kawaida. Tunaomba tu kwamba sheria inapogeuzwa katikati ya mchezo, tusishangilie kabla ya kuuliza imegeuzwa na nani na imemnyima nani nini. Kiwandani tunauliza. Kilo za chai zinapopandishwa kwa malipo yale yale tunauliza siku hiyo hiyo, na mashine za kuchuma zilipoletwa tuliuliza, ingawa majibu yalikuwa machache.

Yule kijana tulimsomea karatasi zote hadi mwisho. Tulimweleza kifungu cha kanuni, kifungu cha picha zake kutumiwa milele bila malipo mengine, na kifungu cha faini akisimulia mambo ya ndani. Akafikiri kwa muda, akauliza kama anaweza kuvikata kwa kalamu kisha akatia sahihi. Tukamwambia ajaribu. Alikata vitatu kwa mistari iliyonyooka kabisa, akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa, akaenda posta. Mpaka tunapokwenda mitamboni hajapata jibu. Nakala ya fomu ile tunayo ofisini, na yeyote mwenye mtoto anayetaka kuomba aje aisome, ofisi iko wazi Jumamosi hadi saa nane.